Fundi Aliyezifuta Pumzi Zangu

Neno nililolisikia zaidi kinywani mwake ni "rudia." Hakulisema kwa hasira wala kwa upole. Ulimaliza kuimba, macho umeyafumba, machozi yanakulengalenga kwa jinsi ulivyojisikia mtamu, halafu sauti yake ikakujia kwenye hedifoni: "Rudia." Basi. Hakwambii umekosea wapi. Ukimuuliza anakujibu, "Wewe si ndiye umeimba? Unaniuliza mimi?"

Tulimwita Fundi. Kisii mjini mafundi ni tele, wa viatu, wa mabomba, wa simu, lakini wakati ule ukitaja Fundi mbele ya mwanakwaya yeyote, kuanzia Nyaramba hadi Nyamarambe, hakuulizi fundi gani. Alikuwa mtu wa ziwani. Aliniita Japuonj, ndiyo mwalimu kwa lugha ya kwao, na kati yetu tulizungumza Kiswahili, maana Ekegusii hakukijua na Kijaluo mimi nakijua neno hilo moja tu.

Na mimi ni mwalimu kweli. Nafundisha shule ya msingi huku Nyaramba, tena Kiswahili. Siku hizi nafundisha kwa kugonga meza: mara moja maana yake nyamazeni, mara mbili fungueni vitabu, mara tatu kuna mtu atalia leo. Sauti niliyo nayo inakwaruza kama mtu anayesugua sufuria kwa majivu, na haifiki dawati la tatu. Zamani haikuwa hivi. Zamani nilikuwa mwimbishaji wa kwaya yetu ya Wasabato, na sauti hiyo ya zamani, ikiwa peke yake, imebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye wimbo mmoja aliourekodi Fundi. Na sauti iliyo kwenye wimbo ule si yangu. Ndiyo maana naandika kwa uchungu, na asiyependa uchungu afunge hapa akachume majani chai.

Chumba chake kilikuwa ghorofani, juu ya duka la agroveti, kwa hiyo ulipanda ngazi ukinusa chakula cha kuku na dawa ya kupe. Juu ya chumba hapakuwa na kingine ila mabati, na mabati hayo ndiyo yaliyomtawala maishani. Kwetu mvua haibahatishi. Saa tisa alasiri, mara nyingi hata saa nane, inashuka, na ikishuka juu ya mabati husikii hata mtu anayekutukana. Usiku nao ulikuwa wa baa ya jirani. Kwa hiyo Fundi alirekodi asubuhi tu, na asubuhi nzima alikuwa anachungulia mawingu dirishani kama mtu aliyeanika mahindi.

Waliochelewa walikuta mlango umefungwa. Kuna kwaya moja ilitoka mbali, watu ishirini na wawili na sare mpya, ikachelewa kwa sababu mchungaji wao alitaka kumwombea kila mmoja kwa jina. Walifika, na mvua ikafika. Fundi akamwambia mchungaji, "Sasa iombee hii inyamaze." Mchungaji alikasirika, akawageuza watu wake wote palepale ngazini. Wiki iliyofuata walirudi saa moja asubuhi, wameshaombewa jana yake.

Mlangoni aliweka bakuli kubwa la jiwe la sabuni, la Tabaka, lenye ufa upande mmoja. Nadhani mchongaji alikosa mnunuzi kwa sababu ya ufa huo. "Weka dhambi zako hapa," alikuwa akisema. Dhambi zilikuwa simu, funguo, sarafu, saa za mkono, bangili, rozari za Wakatoliki. Sisi Wasabato hatuvai bangili, tukajiona tumeshapita mtihani, lakini siku moja alinitoa pini ya nywele, eti inalia nikitikisa kichwa. Nilibisha. Nilipofika nyumbani nikajifungia chumbani, nikatikisa kichwa mpaka shingo ikauma. Ilikuwa inalia kweli.

Sikio lake lilikuwa la kuogopesha. Tuliweza kusimama watu kumi na wanane tunaimba, yeye anasimamisha kila kitu na kuuliza, "Nani hajala?" Tunatazamana. Mwishowe mama mmoja wa sauti ya pili anainua mkono, aibu tupu, maana alitoka nyumbani alfajiri bila hata kikombe cha chai. Tumbo lake lilikuwa limenguruma, na Fundi amelisikia katikati ya besi nane. Alimtuma mtu chini, chai ikaja na mandazi, tukakaa tukamngoja yule mama ale. Alimwambia asile ndizi mbivu, zinafunga koo. Kumwambia Mkisii asile ndizi, hebu fikiria! Lakini tulimtii.

Alikuwa anarekodi nyimbo za Ekegusii bila kuelewa hata neno, na bado alijua mtu asiyemaanisha anachoimba. "Hapo huamini," alikuwa akisema. Uliapa kwamba unaamini. "Basi rudia kama unaamini." Na muziki wenyewe, niliwahi kumuuliza, anasikiliza nini akiwa nyumbani? Akanitazama kama nimemtukana. Nyumbani kwake hapakuwa na redio. Alisema anapenda kukaa na kusikiliza hakuna kitu.

Shemasi wetu, mzee wa besi, alikuwa na meno ya bandia. Fundi alimheshimu mno mzee yule. Alishuka mwenyewe kumshika mkono ngazini, alimwita Baba, alimpa kiti chake. Lakini meno yalikuwa yanagongana kidogo kila mzee akifumba mdomo, na sikio halikuvumilia. Fundi akalizunguka jambo, akakohoa, akasema, "Baba, samahani sana, lakini na hayo meno pia ni dhambi." Mzee akayatoa, akayafunga kwa leso, akayaweka bakulini na simu zetu. Alipoimba bila meno, maneno yote yakawa upepo. Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Mzee mwenyewe alicheka, ufizi nje. Fundi hakucheka. Alifikiri, akamwambia aache maneno, afumbe mdomo, apite chini ya wimbo wote na "mmm" peke yake.

Mmm ile ndiyo kitu kitamu zaidi katika kanda yetu yote. Mzee ameshakufa. Wanawe wanaicheza kwenye simu wakimkumbuka, na wanasema ni yeye kabisa, ni kama amekaa jikoni. Mzee aliachiwa mmm yake. Nikiisikia huwa natoka nje.

Kwa sababu mtu huyohuyo, aliyejua kumwachia mzee asiye na meno kile alicho nacho, alikuwa na adui mmoja tu duniani, na adui huyo ni pumzi. Alichukia kusikia mtu akivuta hewa. Alikuwa na soksi ndefu ya mwanamke aliyoivuta kwenye waya wa mviringo mbele ya maikrofoni, ipunguze upepo wa mdomo, na bado haikumtosha. Baada ya kurekodi alikaa na kompyuta siku nzima, anatafuta kila mahali mwimbaji alipopumua, anakata. Alikuwa anasema, "Pumzi ni uchafu, Japuonj. Malaika hawapumui."

"Umewaona wapi?" nikamuuliza.

"Nimewasafisha wengi."

Na kifua chake mwenyewe kilikuwa kinalia filimbi! Pumu, ya tangu utotoni alisema. Tukirekodi alijiziba mdomo kwa taulo la bluu ili filimbi yake isiingie. Mtu aliyepumua kwa shida kuliko sisi sote ndiye aliyekuja kuwakataza wenzake kupumua. Siku moja nikamwambia, "Fundi, nyani haoni kundule." Alicheka mpaka akaanza kukohoa, tukamletea maji.

Desturi yake ya kufuta nayo lazima niieleze, maana hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Kulikuwa na mpiga gitaa mmoja wa upande wa Nyamarambe aliyetangaza sokoni kwamba Fundi amemwibia sauti. Eti kuna kipande alichokiimba kikaachwa, na Fundi akakitia kwenye wimbo wa mtu mwingine. Sijui kama ni kweli. Fundi aliniambia si kweli, akaniambia tena bila kuulizwa, na mara ya tatu. Lakini watu walisema lisemwalo lipo, na neno kama hilo juu ya mtu aliyetoka kwingine halichelewi kuota miguu. Kwaya zikaanza kupungua.

Tangu hapo alikataa kubaki na chochote cha mtu. Wimbo ukishakamilika, anakuita. Unavishwa hedifoni, unasikiliza. Ukiridhika, anakuonyesha kwenye kompyuta sauti zako zote mbichi, zile ulizoimba kabla hajazisafisha. Halafu anarudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta, mikono ameikunja kifuani kama mshtakiwa, anasema, "Futa mwenyewe." Unabonyeza. Kompyuta inakuuliza kama una hakika. Unabonyeza tena. Kisha, mbele ya shahidi uliyekuja naye, anakuuliza, "Nimebaki na kitu chako?" Unasema, "Hapana." "Haya, enda salama."

Sasa nije kwangu.

Nilikuwa na rovu shingoni. Lilianza dogo kama kokwa ya parachichi, nikalifunika kwa kitambaa, likaendelea. Daktari alinieleza yote, hakunificha: mshipa wa sauti unapita papo hapo, nikiliacha rovu litanikaba, nikilikata huenda sauti ikaondoka nalo. Nikamwomba anipe mwezi mmoja. Kwaya sikuiambia. Kwaya ikisikia mwimbishaji wake anaondoka humtafuta mwingine kabla hajafunga mkoba, na mimi nilikuwa na kiburi changu, nilitaka kuondoka wakiwa bado wananitaka. Nilimwambia mume wangu peke yake. Binti yetu alikuwa na miezi saba. Nikasema nataka niiweke sauti yangu mahali, ili huyu mtoto akikua asikie mama yake alivyokuwa.

Wimbo niliutunga mwenyewe. Ni wa mama anayepanda mlima na kikapu cha majani chai mgongoni, awahi kituo cha kupimia kabla lori halijaondoka. Kila ubeti anafika kwenye jiwe, anapumzika, anauliza umebaki umbali gani, na sauti inamjibu kutoka juu, "Karibu ufike." Ni wimbo wa mbinguni, kila Mkristo ataelewa. Lakini ni wimbo wa mlima pia. Mama yangu aliupanda mlima ule kila siku ya kuchuma, nami nyuma yake, na nilichokijua zaidi juu ya mama yangu ni jinsi alivyokuwa anahema. Hakuwa mtu wa maneno. Kwa hiyo pumzi katika wimbo ule nilizitia kwa makusudi, nilizipanga kama unavyopanga maneno. Kabla ya "jiwe," moja fupi. Kabla ya "karibu," mbili: moja ndefu ya kuchoka, moja fupi ya kujikaza. Ukizitoa, mama hapandi tena, amekaa tu mahali anaimba habari za mlima.

Niliimba kuanzia saa mbili asubuhi. Rudia. Rudia. Mtoto nilimwacha chini kwa mama wa agroveti. Ilipofika saa saba nilikuwa nimechoka kweli, siigizi tena, na mara ya mwisho niliyoimba, mawingu yakiwa yameshatua juu ya mji, nilimsikia mama yangu ndani ya kifua changu. Nilipomaliza Fundi hakusema rudia. Alirudisha mwanzo, akasikiliza. Kisha akasema, "Pumzi zako zinaingia sana."

"Ndivyo wimbo ulivyo. Mtu anapanda mlima."

"Wewe umepanda. Mimi nitakusafishia."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Ningemwambia, Fundi, nakatwa shingo wiki tatu zijazo, usiguse kitu. Maneno kumi hayafiki. Lakini mvua ilianza kupiga mabati, tukaanza kusemezana kwa mikono, nikachukua simu yangu bakulini nikaenda kunyonyesha.

Wiki iliyofuata nilirudi na mume wangu awe shahidi. Fundi akanivisha hedifoni. Nitasema ukweli, maana uongo hautanisaidia kitu sasa: nilikuwa mtamu! Jamani, nilikuwa mtamu mpaka nikaona haya. Sauti ilitoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika kama maji ya bomba jipya. Hakuna mkwaruzo, hakuna mate, hakuna uchovu. Nilisahau mlima. Nilisahau mama yangu. Nilijiona mtu mkubwa, wa kuchezwa redioni.

Nikampa mume wangu hedifoni. Yeye ni mkulima wa chai na migomba, maneno yake ni ya kuhesabu. Alisikiliza, akauliza, "Huyu ni wewe?"

"Sasa ni nani?"

"Huyu hachoki," akasema.

Nikamwambia yeye muziki haujui. Fundi alikuwa ameshaegemea ukuta, mikono kifuani. "Umeridhika, Japuonj?" Sana, nikasema, sana. "Futa mwenyewe." Nikabonyeza. Ikauliza kama nina hakika, nikabonyeza tena, kwa kidole hiki ninachoshikia chaki. "Nimebaki na kitu chako?" Hapana. "Haya, enda salama."

Baada ya wiki mbili rovu lilikatwa, na sauti ikaenda nalo. Simlaumu daktari, alishaniambia. Miezi mitatu nilikaa bila kuthubutu kuucheza wimbo. Siku nilipoucheza nilikuwa peke yangu na mtoto, nimemweka mapajani, nikamwambia kwa ule mkwaruzo wangu, "Sasa msikie mama." Nikangoja jiwe. Jiwe likapita. Nikangoja zile mbili kabla ya "karibu." Hakuna. Yule mwanamke aliimba mlima mzima bila kuvuta hewa hata mara moja, na mtoto akalala. Nililia hadi majirani wakaja, wakadhani ni kidonda.

Wimbo ukapendwa. Loo, ulipendwa! Unachezwa harusini, unachezwa matangani, uko mtandaoni, watu wananisimamisha sokoni kunipongeza, nami naitikia kwa kichwa. Binti yangu alipofika miaka minne nilimwambia ni mimi. Alicheka. "Huyo si wewe, mama. Huyo ni shangazi wa redio." Mpaka leo ndivyo anavyomwita, na sina la kumrekebisha, maana mtoto hajakosea.

Nilikwenda Kisii kumtafuta Fundi. Sijui nilitaka nini, kumpiga labda. Nilipanda ngazi zile za chakula cha kuku nikakuta saluni. Mama wa agroveti akanieleza: siku hizi vijana wanajirekodi kwa simu chumbani kwao, wamejifunika blanketi, nani atapanda ngazi kuambiwa rudia? Fundi alikuwa amebeba vyombo vyake akaondoka. Bakuli la Tabaka aliliacha, na wenye saluni walikuwa wanawekea vibanio. Nikasimama nikalitazama, nikashuka.

Miaka ikaenda na mimi namchukia. Nilimchukia nikigonga meza darasani. Nilimchukia kanisani, kwaya ikisimama na mimi nimeketi nafungua na kufunga kitabu cha nyimbo. Mume wangu, nikianza, hunikumbusha kwamba kidole kilikuwa changu. Unafikiri sijui? Maji yakimwagika hayazoleki, na aliyemwaga ni mimi. Lakini ni nani aliyeninyanyulia ile ndoo, akanipa mkononi, akasimama ukutani kuhakikisha hamna tone analoweza kushtakiwa nalo?

Muhula uliopita tulikuwa na siku ya wazazi. Mwalimu mkuu alikodisha vipaza sauti, na aliyeshuka navyo alikuwa yeye. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, taulo la bluu begani, lilelile au nduguye. Alinipita mara mbili na nyaya zake, hakunijua. Nilikuwa nimenenepa, na nina skafu shingoni hata jua likiwaka. Sikumsalimu.

Mwalimu mkuu aliniamuru nisome majina ya watoto wa zawadi. Nilimwambia sauti haitafika, akasema ndiyo maana tumekodisha mashine. Nikaenda mbele, nikashika karatasi, nikavuta pumzi ili nianze.

Kule kwenye meza ya vyombo Fundi akainua kichwa.

Nilisoma jina la kwanza. Aliinama, akashika vitufe vyake, akavigusa kidogo hivi, na ule mkwaruzo wangu ukatoka kwenye vipaza ukiwa na nyama, ukavuka wazazi, ukavuka ua, ukaenda mpaka migombani. Watoto wa nyuma, niliowafundisha kwa kugonga tangu waje, waligeuka kunitazama. Walikuwa hawajawahi kunisikia. Nilisoma majina yote mpaka mwisho, na sikutaka kumtazama mtu aliyeifanya kazi ile.

Wageni walipokwenda kula nilimkuta nyuma ya darasa la nne anakunja nyaya upesi. Mawingu yalikuwa yameshajaa.

"Japuonj," akasema.

"Umenijulia wapi? Usoni?"

"Uso ulibadilika. Sauti ndiyo hakuna kabisa. Ni pumzi. Umevuta mbili kabla ya lile jina la kwanza, ndefu halafu fupi. Hiyo pumzi nilikata mara nyingi siku ile, kila ubeti. Naijua kuliko jina langu."

"Nirudishie."

"Si ulifuta mwenyewe?"

"Najua nilifuta. Nirudishie."

Nikafungua skafu. Alilitazama kovu kwa muda mrefu, kifua chake kikilia. Akaniuliza lini. Nikamwambia, wiki mbili baada ya ile siku ya kufuta, na kwamba nilijua tangu mwanzo, na kwamba wimbo ule ulikuwa wa mtoto wangu. Akakaa juu ya kipaza sauti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeziacha?"

Nilitaka aseme hapana, ili nimchukie vizuri. Au aseme ndiyo ili nijichukie mimi. Alifikiri kama alivyokuwa akifikiri habari za meno ya mzee.

"Hapana," akasema. "Ningekata tu. Ningesema mtu anaacha sauti ya mwisho, aiache safi." Akajifuta uso kwa taulo. "Nilidhani nakupa kitu, Japuonj."

Binti yangu akatokea kunitafuta, ameshika zawadi yake, kalamu na kitabu. Nikamwambia amsalimu mzee. Fundi akauliza kama mtoto anaujua ule wimbo wa mlima.

"Ule wa shangazi wa redio?" binti yangu akajibu.

Niliona neno lile likimpata Fundi. Alinitazama, nami sikumsaidia. Akalivua taulo begani, akaliweka chini, mbali na mdomo wake, akafumba macho. Akaanza kuimba chinichini wimbo wangu.

Sauti yake ni mbaya. Ni ya mzee mwenye pumu, inateleza, haishiki noti. Lakini alipokaribia jiwe alivuta pumzi fupi, papo hapo, mahali pake. Akaenda. Kabla ya "karibu" akavuta ndefu ya kuchoka, filimbi ikalia, kisha ile fupi ya kujikaza. Hakuruka hata moja. Alikuwa amezikata moja baada ya moja kwa mkono wake mpaka zikamwingia, akakaa nazo miaka yote hii. Mama yangu alikuwa pale nyuma ya darasa la nne, anapanda na kikapu, ndani ya kifua cha mwanamume niliyemchukia.

Binti yangu alikuwa ameacha kuchezea kalamu. "Mama," akasema, "huyu mtu anapanda mlima."

Fundi akafumbua macho, jasho linamtoka, ananitazama kama walivyokuwa wakimtazama waimbaji wake wote, wakingoja neno. Ningeweza kumwambia asante. Ningeweza kumwambia nimekusamehe, maana ndivyo tunavyofundishwa, na wala isingekuwa kweli.

"Rudia," nikamwambia.

"Mvua inakuja, Japuonj. Nimekosea wapi?"

"Wewe si ndiye umeimba? Unaniuliza mimi?"

Akayatazama mawingu. Akatazama vyombo vyake ambavyo havijafunikwa. Kisha akafumba macho, akavuta pumzi, akaanza tena kutoka chini kabisa ya mlima, na mtoto wangu akasogea karibu asikie.